Mlango Aliousahau Bi Funguo

Mtaa mzima ulimwita Bi Funguo, ingawa ufunguo wake wa maana ulikuwa ule wa duka lake la kushonea. Jina lilitoka kitabuni. Mdogo wake wa kiume aliandika riwaya enzi za ujana wake, na ndani yake akamweka mwanamke anayechechemea kidogo, anayebana pini kwenye pembe ya mdomo hata akiwa anaongea, na asiyeanza jambo lolote bila kusema "haya, tuone." Aliyemfahamu fundi hakuhitaji kuambiwa huyo ni nani.

Huyo Bi Funguo wa kitabuni ni shangazi mtu. Kaka yake amemfungia binti yake chumbani ili aozwe mzee tajiri asiyemtaka, na ufunguo wa chumba amemkabidhi dada yake. Siku ya harusi watu wanaamka, mlango uko wazi, binti hayupo. Nani aliufungua, kitabu hakisemi. Mwandishi alimaliza sura kwa mlango unaochezeshwa na upepo, akaenda zake sura nyingine.

Wasomaji walijijibu wenyewe. Tangu kitabu kilipotoka, na zaidi kilipoanza kusomwa mashuleni, kila mtu alijua kwamba Bi Funguo alifungua kwa huruma. Mabinti walimpenda kama shangazi ambaye hawakujaliwa kuwa naye. Na kwa kuwa upendo huo haukuwa na pa kwenda, uliishia dukani kwa fundi. Akina mama walimletea nguo za harusi za mabinti zao wakisema mkono wake una baraka. Wasichana waliokosana na wazazi walikuja kukaa kwenye benchi lake na kulia, naye huku anakanyaga cherehani aliwaambia yale ambayo mtu yeyote angewaambia, wakaondoka wakitangaza kwamba wamenusuriwa na Bi Funguo. Kikundi cha akina mama kilipotafuta mtu wa kutunza ufunguo wa ukumbi wa mtaa, hakikupiga hata kura.

Kitabu chenyewe fundi hakuwahi kukisoma. Alikuwa amesimuliwa mara nyingi mno, akaona kukisoma ni kama kujipima nguo ambayo tayari ameivaa. Wala hakuwahi kumwambia mtu kwamba nyumbani kwao hakukuwahi kuwa na binti aliyefungiwa, wala mzee tajiri, wala mlango wa kufungua. Hakuna aliyemuuliza.

Mambo yaliharibika asubuhi moja, redioni.

Kitabu kilikuwa kimechapwa upya, na mwandishi alialikwa kwenye kipindi. Mtangazaji, dada mwenye sauti laini ya kumtoa nyoka pangoni, alimuuliza swali ambalo mwandishi huyo alikuwa ameulizwa katika kila shule aliyowahi kukanyaga: Bi Funguo alifungua mlango kwa huruma, au kwa kumkomoa kaka yake?

Mwandishi alikuwa amelichoka swali hilo. Tena siku hiyo, kama alivyoeleza baadaye, jino lilikuwa linamuuma. Na alikuwa amefika ule umri ambao mtu hupenda kusema jambo lisilotarajiwa.

"Alisahau," alisema.

"Samahani?"

"Alisahau kufunga. Alikuwa na mambo yake kichwani, akatoka, akauacha mlango hivyo hivyo. Mambo makubwa ya dunia huamuliwa na vitu vidogo."

Mtangazaji alinyamaza kidogo, na redioni kunyamaza ni sawa na kuanguka chini.

Fundi alikuwa anampima mteja, na redio ilikuwa juu ya rafu, kati ya makopo ya vifungo. Wote wawili walisikia.

"Kumbe," alisema mteja. Kisha, kwa upole kabisa, akaongeza: "Mama, kiuno umeshakiandika?"

Ndivyo ilivyoanza. Wiki haikuisha, wateja wakawa wanataka kupimwa mara mbili. Mmoja alirudi bila sababu, akasimama mlangoni, akaangalia kama kitambaa chake bado kipo, akasema alikuwa anapita tu. Muuza viatu wa duka la pili, aliyekuwa na nia njema, alijizoesha kupaza sauti kila jioni dirishani: "Bi Funguo, pasi umezima?" Na katika mkutano wa akina mama, mwenyekiti alisema kwamba dada yetu ametumika sana na anahitaji kupumzika, kwa hiyo ufunguo wa ukumbi ukae kwa mtu mwenye kichwa chepesi. Watu walipiga makofi. Fundi alikabidhi ufunguo akiwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimuuma taya hadi kesho yake.

Jumapili mwanawe, aliyekuwa fundi umeme, alimtembelea pamoja na mkewe. Walileta matunda. Fundi alipoyaona alijua kuna neno, kwa sababu mwanawe si mtu wa kuleta matunda.

"Mama, tumekuwa tunazungumza," alianza mwana.

"Mmezungumza na nani?"

"Sisi kwa sisi. Tumeona umri huu, na umeme wa pale dukani, na pasi... Labda ungefunga duka, uje ukae na sisi."

"Umesikia redio."

"Siyo redio, mama."

"Basi nitajie kitu kimoja nilichosahau. Kimoja tu."

Mwana alimtazama mkewe. Mkewe, mwanamke mpole ambaye huongea mara chache na kwa hesabu, alisema: "Lakini mama, mtu akisahau atajuaje kwamba amesahau?"

Fundi aliwamenyea matunda yao, wakala, wakaondoka.

Lakini neno la mkwewe lilimkaa. Sasa akawa anafunga duka, anafika pembeni mwa barabara, anarudi kuigusa kufuli. Anafika tena pale pale, anajiuliza kama aliigusa leo au anakumbuka kuigusa kwa jana. Siku moja alishona mkono wa gauni ndani nje. Alipogundua, alilisukumia gauni chini ya meza kama kitu cha wizi, akangoja watu watoke, akafumua uzi mmoja mmoja. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja. Fundi aliona linakuja.

Akafunga duka mapema, akaenda kwa mdogo wake.

Alimkuta sebuleni, shavu limevimba, amezungukwa na vitabu hadi juu ya kiti cha wageni. Mwandishi alihamisha rundo moja ili dada yake apate pa kukaa.

"Karibu, dada. Umekula?"

"Nimekuja kukuuliza nilisahau lini."

Alielewa mara moja, kwa hiyo alijifanya hakuelewa. "Ah, ile ya redioni. Dada, yule siyo wewe. Yule ni mhusika."

"Mhusika anachechemea?"

"Mwandishi huokota huku na huku."

"Umeokota mguu wangu. Umeokota pini zangu na 'haya, tuone' yangu. Kichwa peke yake ndicho ulichoenda kukitafuta kwingine?"

Mwandishi alijishika shavu. Alimpenda dada yake. Ndiye aliyemlea yeye wakati mama yao alipokuwa hawezi, na ndiye aliyeshona shati alilovaa siku ya kwanza kuonana na mchapishaji. Lakini pia alikuwa mwandishi, na mwandishi akibanwa hushambulia.

"Nikuulize nami," alisema. "Miaka yote hii watu wanakushukuru kwa mlango ambao hukuufungua. Ulikuja lini hapa kulalamika?"

Neno lilikuwa la kweli na lilisemwa na mdogo wake; yote mawili yalimuuma fundi, na hakujua lipi lilimuuma zaidi.

"Sifa ililetwa na watu wenyewe," alisema hatimaye, "wakaniachia nifanye kazi yangu. Hii umeileta wewe, na imeniletea walinzi. Haya, tuone. Ulipokuwa unaandika, alisahau?"

Mwandishi alifikiri, na safari hii alifikiri kwa uaminifu. "Nilipokuwa naandika sikujua. Nilikuwa kijana. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye sura ya garimoshi."

"Kwa hiyo wakati ule hukujua, ukajua juzi."

"Mtu hukua, dada."

"Wewe umekua. Yeye hajakua. Yuko kwenye ukurasa ule ule ulipomwacha."

Mwandishi akaahidi kurudi redioni kusahihisha. Dada yake aliponyanyuka kwenda, alimpa nakala ya kitabu kilichochapwa upya, pengine kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kumpa katika chumba kile.

Kwa hiyo fundi alikisoma. Alikisoma dukani, saa za mchana ambapo wateja ni wachache, miwani puani na midomo ikimchezacheza. Alitarajia kujikuta ndani. Alimkuta mwanamke aliyemuudhi. Huyu Bi Funguo alikuwa mkali kupita kiasi, alikuwa na methali kwa kila jambo, na alimjibu wifi yake maneno ambayo fundi hangeyatamka hata kwa adui. Mguu ulikuwa wake, hilo hakulikataa. Vingine vyote vilikuwa vya mtu mwingine, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyoacha kujitafuta, akaanza kumtafuta huyo mtu mwingine. Kufika katikati ya kitabu alikuwa anamhurumia. Kufika sura ya mlango aliisoma mara tatu, kisha akaweka kitabu juu ya cherehani, akakaa anaangalia barabara.

Mwandishi naye alitimiza ahadi. Alirudi kwenye kipindi kile kile, jino likiwa limeshang'olewa, akasema kwamba amefikiri upya: Bi Funguo alifungua mlango kwa makusudi, na kwa huruma. Alisema mambo mazuri kuhusu huruma.

Kisha simu zikafunguliwa.

"Mwandishi, juzi ulituambia alisahau," alisema msikilizaji wa kwanza, mzee mwenye sauti ya kikohozi. "Sisi tumeshazoea hivyo. Usitubadilishie kila wiki."

Wa pili alikuwa mwanamke, akiongea kama mtu aliyeegemea ukuta. "Mimi nakaa mtaa mmoja na dada yake. Amembana. Ukweli ni ule wa kwanza."

"Nani amekuambia amembana?" mtangazaji aliuliza kwa furaha.

"Mtu husema kweli kabla hajaenda nyumbani. Akishatoka nyumbani anasema alichotumwa."

Wa tatu alikuwa mwalimu wa fasihi wa shule ya sekondari. "Wanafunzi wangu wana mtihani," alisema kwa sauti ya uchovu. "Nusu wameandika huruma na nusu wameandika kusahau, na wote wananitajia mwandishi kuwa shahidi. Naomba aamue moja, kisha asiseme tena lolote mpaka wamalize shule."

Mwandishi aliyekuwa ameaminiwa kwa neno moja alilosema ili asisumbuliwe, sasa hakuaminiwa kwa maneno mengi aliyoyasema kwa moyo wote. Neno la kwanza lilikuwa limemuumiza mtu, kwa hiyo lilikuwa na harufu ya ukweli. La pili lilimpendeza mtu, na nani asiyejua maana ya hilo. Alitoka studio ameinamisha kichwa. Walipomwita mara ya tatu alisema hana la kusema, na mtaani watu wakabishana kwa muda kuhusu alichomaanisha kwa kukataa. Mchapishaji peke yake hakubishana na mtu: nakala zote za kitabu zilikuwa zimekwisha, akaagiza nyingine.

Kwa fundi mambo yaligeuka kwa namna ambayo hakuitegemea. Mtaa haukuamini kwamba Bi Funguo hakusahau. Uliloamini ni kwamba fundi alikwenda kwa mdogo wake, mtu mzima mwenye jina na miwani, akamrudisha redioni ameze maneno yake mbele ya nchi nzima. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa amechoka kichwa. Wateja wakarudi, na safari hii walikuja kwa wakati na hawakuuliza habari ya kiuno. Muuza viatu aliacha kuulizia pasi. Mwanawe alikuja bila matunda, akarekebisha soketi iliyokuwa imelegea, akaondoka bila kutaja kuhama. Mwenyekiti alirudisha ufunguo wa ukumbi mwenyewe, akapokea chai na kuondoka haraka.

Fundi aliupokea ufunguo akautundika msumarini. Alikuwa amesifiwa kwa wema ambao si wake, akadharauliwa kwa usahaulifu ambao si wake, na sasa anaogopwa kwa ubabe ambao ulikuwa wake kidogo tu. Angalau huu wa mwisho alikuwa ameufanyia kazi.

Alasiri moja alikuja nesi. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mwanamke wa makamo, msemaji haba, anayeshonesha sare mbili kila mwaka na kulipa bila kubishana. Alileta kitambaa cheupe. Fundi alimpima, akaandika, na nesi hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Mimi pia nilikimbia," alisema.

Fundi alitoa pini mdomoni.

"Baba alikuwa ameshanipangia mtu. Chumba changu kilikuwa kinafungwa kwa nje, na ufunguo alikaa nao mama. Mchana mmoja nilisukuma mlango, ukafunguka. Mama alikuwa uani anafua, amenipa mgongo. Nilipita nyuma yake, viatu mkononi."

"Hakugeuka?"

"Hakugeuka. Nikajiambia alinisikia. Lakini sikuwa na hakika, mpaka nilipokuwa chuoni nikasoma kile kitabu. Nilipofika kwenye ule mlango nikasema, naam, ndivyo ilivyokuwa. Nimeishi na hivyo." Alirekebisha mkoba ambao haukuwa umekaa vibaya. "Kisha ndugu yako akasema alisahau."

"Baadaye akasema hakusahau."

"Hiyo ya pili sikuisadiki. Ulimwomba."

"Nilimwomba," fundi alikubali.

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Wewe unasemaje?" nesi aliuliza. "Alisahau?"

Fundi angeweza kumwambia kwamba yeye si Bi Funguo, kwamba hajawahi kushika ufunguo wa binti wa mtu, kwamba aende akamuulize mwenye kitabu. Yote yangekuwa kweli. Alivuta kitabu kutoka chini ya rundo la vitambaa.

"Unakumbuka pale anapokwenda msibani?" alisema. "Ameshafika nusu ya njia. Anasimama, anarudi nyumbani na mguu wake ule, kwenda kuangalia kama komeo la banda la kuku limeingia. Halafu anaanza safari upya. Mdogo wangu aliweka hilo ili watu wacheke, nadhani. Mimi nilicheka. Lakini mtu anayerudi nusu ya njia kwa ajili ya kuku, sioni atakavyosahau mlango wa binti."

Nesi aliufikiria ukurasa. "Lakini mwenyewe amesema."

"Mwenyewe ni mdogo wangu. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu, na mpaka leo moja humfunguka. Kitabu amekiandika vizuri. Kwenye kukisoma anakaa nasi sote benchini, na siku ile jino lilimuuma."

Nesi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyezoea kusikia maumivu ya watu wengine.

"Mama yako yuko hai?" fundi aliuliza.

"Yuko. Naenda kumwona kila mwezi. Tunaongea habari ya magoti yake, habari ya watoto."

"Habari ya mlango?"

"Hiyo naianzaje, mama?"

Fundi alitunga uzi kwenye sindano, na uzi ulikataa kuingia mara mbili. "Hapo sijui," alisema. "Kitabu hakikufika huko."

Nesi alirudi kuchukua sare baada ya siku ya mapumziko yake. Aliingia, akasalimia, akasimama katikati ya duka kama mtu aliyesahau alichofuata, ingawa wote wawili walijua alichofuata.

"Nilimuuliza," alisema.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Tulikuwa tunakunja nguo. Nikamwambia, mama, ile siku niliyoondoka, mlango ulikuwa wazi. Akaniuliza mlango upi. Nikamwambia ule wa chumbani kwangu. Akakunja shuka lote, pembe kwa pembe, hajanitazama. Halafu akasema, 'Kitasa cha mlango ule kilikuwa kibovu. Nilimwambia baba yako akitengeneze, hakusikia.'"

"Kilikuwa kibovu?"

"Kilikuwa kizima. Nilijaribu kukifungua kila siku, mama. Hakuna anayekijua kitasa kile kama mimi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kweli, kilikuwa kibovu sana. Akanipa ncha ya pili ya shuka, tukaendelea."

Fundi alitaka kusema kitu, lakini nesi alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia kujaribu sare. Alipotoka aliinua mikono mbele ya kioo, akageuka upande huu na ule. Kwapani palikuwa panabana kidogo. Fundi alimwambia avue, akakaa chini ya dirisha kwenye mwanga, akaanza kulegeza mshono.